Lile Joto la Chumba cha Mama

Mama mkwe wangu alitua Minneapolis mwezi wa Januari akiwa amevaa dera, sweta mbili, koti la marehemu mzee na soksi mikononi, kwa kuwa Tanga nzima alikosa glovu. Nje ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku meno yakigongana, kisha akaniuliza kama rubani ana uhakika hajatushusha ndani ya friji. Njia nzima hakusema neno jingine. Alikuwa akitazama theluji kama mtu anayetazama deni.

Tulipofika nyumbani nikamfungulia chumba cha wageni. Joto likamlaki mlangoni. Akasimama, akavua koti. Akavua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akavua soksi za mikononi, akakaa kitandani akashusha pumzi ndefu.

"Baba Salimu," akasema, "Mungu akupe kila unalolitaka. Hiki chumba ni Tanga kabisa."

Nikainamisha kichwa kwa adabu nikatoka. Sijafika sebuleni nikamsikia yuko kwenye simu na dada yake wa Ngamiani. "Usiniambie habari za wakwe. Mimi nina mkwe! Nyumba nzima kibaridi, chumba changu peke yake kakiwasha moto kama tanuri la mkate. Nani wenu kafanyiwa hivyo?"

Chumba kile kilikuwa na joto hilo tangu Novemba, na hakikuwashiwa yeye. Kiliwashiwa mende.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana najua tayari umeshaninyanyulia kandambili.

Mwanangu Salimu, miaka 9, alinililia mwaka mzima anataka kufuga mjusi. Si huyu wetu wa darini anayekula mbu bila kumwomba mtu nauli. Huyu ni wa asili ya Australia, ana miiba kidevuni, na akikasirika kidevu kinatuna na kuwa cheusi, ndiyo maana Wazungu wanamwita joka lenye ndevu. Australia hawaruhusu kumuuza nje, kwa hiyo hawa wa madukani Marekani wamezaliwa huku huku ughaibuni, kama Salimu mwenyewe. Tukampa jina la Sultani. Hafanyi kazi yoyote, amewashiwa taa mbili kichwani, moja ya joto na moja ya mionzi ya kumjenga mifupa, na chakula anakitaka kikiwa kinakimbia.

Kwenye hicho chakula ndipo mambo yalipoharibika. Mjusi huyu akishakuwa mkubwa anakula zaidi majani. Akiwa mdogo anataka wadudu, na anaweza kumaliza 50 kwa siku, tena uwapake kwanza unga wa kalsiamu kama unavyopaka samaki ngano. Nikaanza na nyenje, kwa kuwa ndio waliokuwa dukani. Nyenje wanalia usiku kucha. Wanakufa bila sababu, na wakifa wananuka kama dagaa aliyesahaulika kwenye gari. Mama Salimu wakati huo alikuwa na ujauzito wa miezi sita, pua yake imekuwa kali kuliko ya mbwa wa bandarini. Siku ya nne akaniambia nichague, yeye au nyenje, na akaniomba nisifikirie kwa muda mrefu.

Nikaanza kusoma. Wafuga mijusi wote niliowasoma walikuwa na jibu moja: mende.

Sasa mimi nimekulia nyumba ambayo usiku ukiwasha taa ya jikoni unasubiri kwanza sekunde tatu mlangoni, wenye nyumba waondoke, ndipo uingie. Mtu kama mimi anunue mende? Kwa dola? Na wale wa bure huwezi kumpa mjusi, maana hujui wamepita kwenye sumu ya nani. Ilinichukua wiki mbili kuizoea habari hiyo. Kisha, kama kawaida ya mwanamume aliyesoma kitu kwa wiki mbili, nikawa mtaalamu.

Nikawapitia mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mchumba. Wa Madagaska nikamkataa: ana urefu wa kidole, gamba gumu, na ukimshika anafoka kama nyoka. Wale wekundu wa Turkestani nikawakataa kwa mbio zao. Isitoshe hutaga vifuko vya mayai wakaviacha popote, kwa hiyo hata ukimuua anakuachia wosia. Nikatua kwa dubia. Dubia ni wa Amerika ya Kusini, Argentina na jirani zake. Ni mpana, mzito, ana sentimita 4 na ushee, na ana heshima zake. Hapandi ukuta laini. Haruki; dume ana mbawa lakini anazitumia kuangukia tu. Jike habwagi mayai ukutani, anayabeba mwilini mpaka yaanguliwe, halafu anashusha watoto 20 hadi 35 kwa mkupuo, weupe, wanatembea. Na bila joto la nyuzi 28 kwenda juu hana hamu ya kuzaa. Florida wamempiga marufuku, kwa sababu kule joto lipo na akitoroka atajenga. Huku kwetu Minnesota hawana haja ya sheria. Baridi yenyewe ndiyo askari.

Mama Salimu akakubali kwa sharti moja. "Wasikanyage jikoni kwangu. Wala wao, wala vyombo vyao."

Basi nikaagiza madume 5 na majike 20, wakaja kwa posta ndani ya boksi lenye pakiti ya joto, wamefungwa vizuri kuliko mimi nilivyofungwa siku nakuja Marekani. Nikawawekea kasha kubwa la plastiki ndani ya kabati la ukutani, chumba cha wageni, kwa kuwa ndicho kilikuwa tupu na kina hita yake peke yake. Nikawasimamishia trei za mayai wima, ili uchafu udondoke chini. Nikawapa chakula cha vifaranga, karoti, na machungwa, maana wafugaji wanaapa kwamba chungwa linawatia ari. Katikati ya kifuniko nikakata tundu kubwa la mraba nikabandika wavu mwembamba wa chuma ili wapumue. Nikatoa na balbu ya kabati, kwa sababu mende anapenda giza. Halafu nikapandisha hita ya chumba kizima mpaka nyuzi 30. Bili ya umeme ya mwezi ule sikumwonyesha mtu.

Nikakaa kusubiri. Na dubia, pamoja na heshima zake zote, ana mwendo wa mtumishi wa umma. Mtoto anachukua miezi minne mpaka sita kukomaa. Ukianza kuwalisha mjusi mapema, umekula mbegu. Sultani alikuwa anataka chakula Jumanne.

Desemba nikaenda kwenye maonyesho ya watambaazi. Ukumbi mzima chatu, kobe, na watu waliochorwa chatu na kobe. Kijana mmoja mwenye nyoka wa wino shingoni alikuwa na boksi la mende wadogo wa kijivu, nusu ya bei ya dubia.

"Hawa wanakua haraka," akaniambia. "Wanaitwa Nauphoeta. Ni wa Afrika, upande wa kaskazini-mashariki."

Sijui kilinipata nini. Miaka 11 ughaibuni, mtu akikwambia kitu ni cha Afrika, moyo unalegea. Nikawatazama wale mende wakanitazama. Nikasema, kumbe nalisha Waargentina na ndugu zangu wapo? Nikatoa pochi.

"Ila wanapanda," akaongeza yule kijana huku akihesabu hela.

Lugha yetu ina bahati, sifa zote mbili za mende huyu zimekaa kwenye neno moja. Wanapanda majike, wanapanda plastiki, wanapanda kioo, wangekuwa na nauli wangepanda ndege. Dawa yake, akanifundisha, ni kupaka mkanda wa mafuta ya mgando, upana wa vidole vitatu, ndani ya ukingo wa juu wa kasha. Mende akifika hapo anateleza anarudi chini. Lakini mafuta yanashika vumbi na joto linayalainisha, kwa hiyo kila wiki ufute upake upya. Nikawanunulia kasha lao dogo, nikalitobolea kifuniko na kukibandika wavu kama cha kwanza, nikanunua kopo la mafuta ya mgando la ukubwa wa ndoo ya watoto, nikawaweka kabatini pembeni ya dubia.

Kufikia Januari walikuwa wengi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Ndipo mama mkwe akapewa viza.

Nilifikiria kuwahamisha. Sebuleni baridi, wasingezaa. Jikoni kuna sharti. Chumbani kwetu kuna Mama Salimu. Nikasema nitawafunika na masanduku, mama atakaa miezi mitatu, atatunza mzazi, ataondoka, hatajua. Mwenyewe nikaona nimepanga kama jenerali.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Kila asubuhi mama alitoka chumbani ametulia, anang'aa jasho jembamba, ananiombea dua. Kila jioni alipiga simu Tanga kusimulia lile joto. Kufikia Ijumaa, shemeji zangu wote watatu walikuwa wamenitumia ujumbe wa kunilalamikia kwamba nimewaharibia, wake zao sasa wanauliza kwa nini wao hawajui kumtunza mkwe. Mimi najibu, "Ni wajibu tu, kaka." Aibu sina.

Dalili hazikukosekana. Siku moja akaniuliza machungwa yanakwenda wapi. Nilikuwa nanunua mfuko mzima, na kesho yake umebaki wavu. Nikamwambia nayapenda. Akafurahi kupita kiasi, akasema ningezaliwa Muheza ningekuwa mtu mwenye afya sana, na tangu siku hiyo akawa ananimenyea mawili kila baada ya chakula na kukaa mbele yangu mpaka niyamalize.

Siku nyingine akasema usiku anasikia kitu kinachakura kabatini.

"Ni mabomba ya hita, mama."

"Mabomba yana kwikwi?"

Hakukosea. Dume la Nauphoeta akimbembeleza jike hutoa kasauti, kidogo sana, kama mtu anakwangua kichana kwa ukucha. Kabati lile lilikuwa na madume wengi wanaobembeleza. Nikamwambia huku baridi ikizidi mabomba hulalamika. Mama akanitazama, akasoma Ayatul Kursi, akalala. Asubuhi akasema mabomba yametulia.

Na kulikuwa na habari ya miguu yake. Hewa ya hita inakausha ngozi vibaya. Kufikia wiki ya pili visigino vya mama vilikuwa vimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Jumatano nikaona miguu yake inang'aa.

"Mafuta yenu ya huku mazuri," akaniambia. "Nilipapasa kabatini natafuta pa kuning'iniza baibui, mkono ukagusa kopo. Nimeona halina mwenyewe."

Nikatabasamu. Moyo ulikuwa umehamia kooni. Alikuwa amepapasa nusu mita kutoka kwa ndugu zetu wa Afrika, gizani, bila kujua. Na kopo sasa lilikuwa kwenye mkoba wake, na mimi, mkwe wa mfano, ningeanzaje kumwambia mama wa mke wangu anirudishie mafuta nikapake ndoo? Nikasema nitanunua jingine. Alhamisi theluji ikafunga barabara. Ijumaa Mama Salimu akapelekwa kujifungua. Unaona mwenyewe mafuta ya mgando yalivyosahaulika.

Mtoto wa kike, kilo 3 na robo. Alhamdulillahi.

Siku ya sita baada ya kujifungua, mama akiwa chumbani kwetu anamkanda mzazi maji ya moto, nikapata upenyo wa kusafisha makasha. Kifuniko cha wale wa kijivu kilikuwa kimeshika uchafu, nikakitoa. Sasa sikia nilichofanya. Nilikipeleka jikoni. Najua. Lakini bafu lilikuwa limejaa nepi na maji ya moto yapo jikoni. Nikakisugua kwa sabuni na klorini, nikakisuuza kwa maji yanayotoka moshi, kikatakata kuliko sahani zetu, nikakisimamisha kwenye kichanja cha vyombo kikauke dakika kumi. Kwa hizo dakika kumi nikaokota kitambaa cha karibu, kanga iliyokuwa juu ya sanduku, nikaifunga kwenye mdomo wa kasha kwa mpira. Kisha simu ya kazini ikalia. Niliporudi jikoni kifuniko hakipo.

Nikajua Mama Salimu amekiona, amekitupa, na ananisubiri niulize. Sikuuliza. Nikasema kanga itashika siku mbili tatu.

Kanga ile ilikuwa mpya, doti aliyokuja nayo mama kwa ajili ya binti yake. Nyekundu na nyeusi, na pindoni imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Kesho yake ilikuwa siku ya saba, kumpa mtoto jina. Wakaja wakina mama wa Kiswahili kumi na wawili, wa Dar, wa Mombasa, wa Unguja, mmoja wa Bujumbura, mmoja wa Goma, wamerundika mabuti mlangoni mpaka mlango haufungi. Sebule ikajaa udi na vicheko. Mama alikuwa amekesha anapika vitumbua. Nimekula vitumbua maisha yangu yote, lakini vile vilikuwa na ulaini wa ajabu. Mgeni mmoja akamwuliza siri yake, mama akasema ni unga wa mchele, lazima uuchekeche mara mbili. Mimi nilikuwa kwenye cha saba.

Katikati ya maongezi wakaanza kusifu kanga za kwao, nani kaleta ipi, na mama akasema ngoja niwaonyeshe doti niliyomletea mwanangu. Akaingia chumbani. Nikamsikia anasukuma masanduku. Nikaweka kitumbua chini.

"Haa!" sauti ikatoka chumbani. "Kanga yangu imefungiwa ndoo!"

Nikasimama. Nilitaka kukimbia, lakini huwezi kukimbilia chumba cha mama mkwe, hata nyumba ikiungua unabisha hodi kwanza. Nikasikia mpira unakatika, *tap*. Balbu si nilitoa mwenyewe? Hakuona kitu ndani ya lile kasha. Aliivuta kanga yake kwa hasira, akaitupa mabegani, akatoka nayo mpaka katikati ya sebule, akakaa kwenye kochi.

"Tazameni," akasema. "Zawadi ninayoileta kutoka Tanga, watu wa Marekani wanafunikia ndoo."

Wageni wakacheka kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeganda. Niseme hapa jambo la kitaalamu: mkanda wa mafuta ukikauka, mende wa kijivu hupanda mpaka juu kabisa ya kasha na kuning'inia chini ya chochote kilichofunikia. Hiki kilikuwa kitambaa. Kitambaa kina vishikio vizuri sana.

Aliyeona kwanza alikuwa yule mama wa Mombasa aliyekaa mkabala naye. Alikuwa anayasoma maandishi ya kanga, na nikaona macho yake yanarudi nyuma, kama mtu aliyeruka mstari. Akasoma tena. Neno APONE lilikuwa na herufi sita. Kisha ile ya sita ikatembea.

"Bi mkubwa," akasema taratibu, kikombe hewani, "hiyo kanga yako… maandishi yake yahama?"

Mama akatazama bega lake.

Siwezi kuandika alichopiga kama ukelele, hakuna herufi zake. Kanga ikaruka juu, ikatanuka vizuri kabisa chini ya taa kama bendera, na kila aliyekuwa juu yake akapata nafasi ya kuchagua pa kutua. Wakina mama kumi na wawili wakapanda makochi kwa mpigo mmoja. Mama wa Bujumbura alipanda meza. Chetezo kikapinduka. Mtu akataja jina la Mungu kwa Kiarabu, mwingine kwa Kilingala. Mama Salimu, mzazi wa siku saba, alimnyakua mtoto akaingia chumbani na kufunga mlango kwa kasi ambayo daktari wake asingeiruhusu, na kabla haujafunga aliniangalia mara moja tu.

Kumbe kabatini nako kasha lilikuwa wazi. Wakaanza kutoka chini ya mlango wa chumba cha wageni, bila haraka.

"Baba!" Salimu akapiga kelele ya furaha. "Nimlete Sultani?"

Akamleta. Akamtua katikati ya zulia, na sote, hata waliokuwa juu ya makochi, tukamtazama kwa matumaini. Sultani akamla mmoja. Akamla wa pili. Kisha akakumbuka kwamba hapo alipo hakuna taa yake, na mjusi bila joto ni kama simu bila chaji. Akalaza kidevu kwenye zulia akafumba macho. Mende mmoja akampanda kichwani.

Wakati huo mama alikuwa amevua kandambili. Nilimwona kwa macho yangu, mwanamke wa miaka 67 mwenye goti bovu, anapiga huku na huku, *pa, pa*, hakosei. Kwa kila kipigo alitaja jina langu. Hakusema Baba Salimu. Alitaja jina nililopewa na wazazi wangu.

Hapo ndipo akili ikanijia. Askari! Nikavuka sebule, nikafungua mlango wa balkoni wote, nikafungua na dirisha. Minnesota ikaingia ndani. Nyuzi 22 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Mvuke ukawa unatoka kwenye vikombe na kwenye midomo ya wageni. Nikafunga mlango wa chumba walipo mzazi na mtoto kwa blanketi chini, na tukasubiri. Dakika chache tu, mende wakaanza kupunguza mwendo. Mguu mmoja, kituo. Mguu wa pili, kituo. Baada ya dakika kumi walikuwa wamesimama zuliani kama magari ya foleni ya Ubungo, na mimi nikapita na ufagio na kizoleo. Nilizoa vizoleo viwili na nusu. Wageni walisaidia kwa kunielekeza kutoka juu ya makochi. "Pale, chini ya redieta. Sio, kushoto. Huyo."

Walipoondoka, kila mmoja alikung'uta buti lake mara tatu kabla ya kulivaa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, koti la marehemu mzee limerudi mwilini, sweta zote mbili zimerudi, soksi mikononi. Nikafunga mlango wa balkoni. Nikasimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Baba Salimu."

"Naam, mama."

"Lile joto."

Nikameza mate.

"Lile joto ulilonipokea nalo. Nikawaambia Ngamiani nzima. Nikawaambia Chumbageni. Nilimwambia mpaka imamu wa msikiti wetu." Akanyamaza. "Uliniwashia mimi?"

Ningeweza kudanganya. Mdomo ulishafunguka. Lakini kwenye ushungi wake, juu kidogo ya sikio, alikuwa amebaki mmoja, ameganda, antena zinacheza polepole, nami nikaona siwezi kudanganya mbele ya shahidi.

"Mlikuwa mnachangia, mama."

Alicheka kwanza, au alilia kwanza, mpaka leo mimi na Mama Salimu hatukubaliani. Ninachojua ni kwamba alicheka mpaka akashika goti, kisha akanyoosha mkono wenye soksi nimwinue, akadai nimpeleke kabatini akawaone waliobaki. Nikamwonyesha dubia. Wametulia kwenye trei zao, wananenepa, hawana habari. Akawatazama muda mrefu, taa ya simu mkononi.

"Hawa hawapandi?"

"Hawapandi, mama."

"Basi hawa wana malezi." Akachukua ganda la chungwa akawarushia. "Kuku wangu wangefurahi."

Wale wa kijivu sikuwafuga tena. Tuliendelea kuwaokota mmoja mmoja, nyuma ya friji, ndani ya tosta, mmoja kwenye soksi ya Salimu shuleni, mpaka Machi. Mama alimaliza miezi yake mitatu, chumba kikiwa nyuzi 30 kwa amri yake mwenyewe, na machungwa akawa anayagawa kwa haki: mawili kwangu, moja kwa Waargentina. Huko Tanga sasa naitwa Bwana Mende. Shemeji zangu wote watatu wananitumia picha za dawa ya kupuliza kila sikukuu.

Lakini kuna kitu sijakisema. Usiku ule wa mkasa, nikiwa peke yangu naosha vyombo, chini kabisa ya karai la vitumbua nilikuta kifuniko cha plastiki kilichokatwa tundu la mraba katikati, kimebandikwa wavu mwembamba wa chuma, kimejaa unga wa mchele. Nilikitazama kwa muda. Nilikiosha, nikakikausha, nikakirudisha kichanjani, nikaenda kulala.

Juzi mama kapiga simu. Kuna mtu anakwenda Tanga mwezi ujao, na mama ana ombi moja dogo: lile chekecheke letu. Amehangaika soko zima la Mgandini, hajaona linalolainisha unga kama lile. Nikasema bila wasiwasi, mama. Nikaenda kununua kasha jipya, ambalo halijawahi kuona mdudu, nikakaa sebuleni na kisu na gundi nakata kifuniko.

Mama Salimu akapita na mtoto begani. "Si ununue chekecheke dukani?"

"Mama yako anataka kama kile alichochekechea unga wa vitumbua."

Akapiga hatua mbili kuelekea jikoni, akasimama. Akatazama kisu. Akatazama wavu. Akatazama kasha.

"Kile kipi?"